Dumu Nyuma ya Mlango

Matikiti tisa, Temeke Stereo, jua likiisha,
bei ya kutupa.
Muuzaji akayagonga kwa kidole cha kati
kama daktari anayepima kifua cha mtoto.
"Hili limeiva, mama. Hili limepitiliza."
Nipe lililopitiliza, nikasema.
Akanitazama. Sikumweleza.

Tabata, chumba na sebule, maji ya mgao.
Nilipasua, wekundu ukatapakaa mezani, ukanishuka kwenye khanga.
Mbegu nilizitoa moja moja,
baadaye kwa kiganja,
baadaye kwa hasira.
Nyama nikaikamulia kwenye chandarua kipya
nilichopewa kliniki bure.
Bwana afya anisamehe.

Sukari kilo nne. Ndimu sita.
Chai ya rangi kikombe kimoja, nzito, ya kushika ulimi.
Hamira ya maandazi, maana nyingine
niliitafuta Kariakoo nzima wakaniuliza ni dawa ya nini.
Dumu lilikuwa la mafuta ya alizeti;
nililisuuza kwa maji ya moto hadi vidole vikafa ganzi.
Mdomoni nikalivisha puto la njano,
nikalitoboa kwa pini. Tundu moja.

Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji.
Mimi nilianzia kwenye maji,
na hakuna aliyenisifu.

Ilikuwa ya sendofu ya Nakijwa.
Kamati ilikaa mara tatu sebuleni kwangu:
ukumbi, mapambo, keki, ndafu,
na ilipofika "mvinyo, meza kuu"
mzee Kiondo akapitisha peni nyekundu.
Sikubisha.
Niliinuka kama naenda kuangalia chai.

Usiku wa pili dumu likaanza kusema.
Bwi.
Kimya kirefu. Bwi.
Puto likasimama wima
kama mtoto anayejua jibu.
Umeme ulipokatika na feni ya jirani kunyamaza
tulibaki sisi wawili, mimi na lile dumu,
tukipumua kwa zamu.
Nikalifunika blanketi la Nakijwa la chekechea,
lenye sungura. Si kwa baridi, Dar baridi iko wapi;
ni kwa aibu.
"Mama, kuna nini nyuma ya mlango?"
Siki, nikasema.
Na nusura iwe kweli.

Kisha rangi ikaniaga.
Nilikuwa nimeiona tayari kwenye glasi za wakwe,
ile ya waridi, ya kufanana na kitambaa cha ukumbi.
Lakini kila nilipohamisha, dumu hadi dumu, kwa mpira wa dripu,
wekundu ulibaki chini na tope la hamira,
na kilichopanda
kilikuwa rangi ya mkojo wa asubuhi.

Sendofu yenyewe haikungoja.
Bwana harusi kapata kazi Mtwara, wakwe wana haraka.
Tulikunywa soda na juisi za paketi.
Nilicheza. Nililia
pale mshereheshaji aliponiambia nilie.

Leo ni mwezi wa nne.
Nimemimina kidogo, nikainua glasi dirishani:
imetakata, nahesabu nondo za upande wa pili.
Nimeonja. Mwanzo, hakuna kitu.
Halafu ule weupe wa karibu na ganda
tunaowakataza watoto wasiufikie.
Halafu moto, mdogo, unaoshuka bila kuomba njia.
Tikiti lenyewe silioni tena.
Nililitafuta glasi ya pili. Nikalitafuta ya tatu.

Chupa kumi na moja, chini ya kitanda chake.
Moja nimeizungushia magazeti, nikaitia kwenye boksi la viatu,
nikaifikisha Mbagala kwenye mabasi ya kusini.
Yule kijana wa mizigo akauliza kuna nini.
Nikamwonyesha nilivyoandika juu, kwa herufi kubwa,
mwandiko ambao Nakijwa anaujua:
SIKI. ISITIKISWE.